Theresa Wallach: London hadi Cape Town kwa pikipiki ya silinda moja

Kila tukigusia safari ndefu za pikipiki kipindini, simu huingia na swali lilelile: ninunue ipi? Wengi huanza na ukubwa wa injini. Leo tunamtazama mwanamke aliyekutana na swali hilo miaka 90 iliyopita.

Theresa Wallach alizaliwa Uingereza mwaka 1909 akasomea uhandisi London, wakati darasa kama hilo halikuwa na wasichana wengi. Tarehe 11 Desemba 1934, yeye na mwenzake Florence Blenkiron waliondoka London kuelekea Cape Town. Wote wawili walikuwa watu wa mbio za pikipiki, lakini safari hii hawakutafuta kasi. Walipanda Panther ya cc 600 yenye silinda moja, kutoka kiwanda cha Phelon & Moore. Ubavuni walifunga kigari cha abiria, nyuma wakakokota tela. Dira hawakuwa nayo.

Silinda moja ina maana ya pistoni moja. Inatetemesha, tena sana, ila vya kuharibika ni vichache na inavuta mzigo hata kwa mwendo wa taratibu. Faida yake ilionekana Sahara. Injini iliwafia kabla ya Agadez, nchini Niger, wakalazimika kuvutwa hadi mjini. Wallach hakuwa na fundi wa kumkimbilia. Fundi alikuwa yeye. Injini ikafunguliwa, ikatengenezwa, safari ikaendelea.

Kwa hiyo msikilizaji anayetuuliza kuhusu pikipiki kubwa ya bei mbaya, nasi tunamuuliza: ikizima katikati ya Manyoni na Itigi, nani ataifungua? Spea utaipata wapi?

Kuhusu tela, tuseme ukweli, sisi tungeliacha nyumbani.

Kutoka Kongo walifika Kenya, kisha Tanganyika. Enzi hizo barabara kuu ya Arusha kwenda Iringa ilipita Kondoa na hapa Dodoma, kiangazi vumbi, masika tope la kunasa matairi. Waliosubiri lami ya Dodoma hadi Babati mpaka ilipozinduliwa mwaka 2018 hawahitaji kusimuliwa. Cape Town waliingia tarehe 29 Julai 1935.

Mwaka 1939 Wallach alizunguka uwanja wa Brooklands kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, akiwa juu ya Norton ya cc 350, silinda moja vilevile. Vita Kuu ya Pili ilipokuja alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki. Baadaye alihamia Marekani, akafungua duka la pikipiki Chicago, na mwaka 1973 akaanzisha shule ya udereva wa pikipiki Phoenix, Arizona.

Alifariki tarehe 30 Aprili 1999, siku aliyotimiza miaka 90. Gari hakuwahi kumiliki.