Rachel Carson na Ndege wa Chuoni

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Chuoni alianza na fasihi ya Kiingereza, akakusudia kuwa mwandishi, kisha akahamia biolojia akidhani ameipa kalamu kisogo. Haikuwa hivyo. Baada ya shahada ya uzamili mwaka 1932 aliajiriwa katika idara ya serikali iliyosimamia uvuvi, na maandishi yake kuhusu bahari yakampa sifa na riziki hata akaacha kazi hiyo mwaka 1952.

Mnamo Januari 1958 alipata habari kutoka kwa rafiki yake wa Massachusetts kwamba eropleni ilinyunyiza DDT kuua mbu, na ndege wa bustani yake wakafa. Carson akaanza kukusanya ushahidi. Sehemu yake ya kutisha mno ilitoka katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Huko, miti ya kivuli aina ya elm ilianza kunyunyiziwa DDT mwaka 1954 ili kuangamiza mbawakawa waliosambaza kuvu yenye kuiua miti hiyo. Msimu wa kuchipua wa 1955, ndege wa vifua vyekundu waitwao robin walirejea kutoka kusini kama ilivyo ada yao, wakaanza kutetemeka na kufia nyasini. Sumu hawakunyunyiziwa wao. Majani yalipukutika, nyungunyungu wakayala, ndege wakawala nyungunyungu. Na nyungunyungu 11 wakubwa walitosha kumuua ndege mmoja.

Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka Septemba 1962. Wenye viwanda vya kemikali walimshambulia, wengine wakimwita mwanamke wa jazba asiyeijua sayansi. Hawakujua kwamba alikuwa na saratani ya titi na kwamba alipasuliwa mwaka 1960. Aliificha, asije akaambiwa kwamba uchungu wa ugonjwa ndio ulioandika kitabu. Juni 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati za Seneti akiwa amedhoofika sana.

Wapo wanaomlaumu hadi leo kwa vifo vya malaria barani Afrika. Lawama hiyo haimstahili. Hakudai dawa zote zipigwe marufuku, bali zitumiwe kwa uchache na kwa ujuzi, na alionya kwamba kuzitapanya huzalisha mbu sugu. Kuhusu miti ya mitaani alitaja mfano wa jimbo la New York, ambako miti iliyougua ilikatwa na kuteketezwa mapema, maradhi yakapungua bila kutegemea mabomba ya sumu.

Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972. Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukaruhusu itumike dhidi ya mbu wa malaria.