Mkwawa na Mabadiliko ya Zana na Mbinu za Vita katika Nyanda za Juu za Kusini

Katika taaluma ya historia ya vita, swali kuhusu uzito wa zana lina umri mrefu. Wachunguzi wa Ulaya ya karne ya 8 wamebishana iwapo kikuku cha kutilia mguu farasini ndicho kilichomzaa askari mpanda farasi wa Wafaranki, au iwapo kilikuwa chombo tu mikononi mwa jamii iliyokwisha kujipanga upya. Maisha ya Mtwa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, maarufu kwa jina la Mkwawa, yanalijibu swali hilo kwa ushahidi wa Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania.

Mkwawa alizaliwa Luhota, Uhehe, mnamo 1855, wakati ambapo sanaa ya vita ilikuwa ikigeuka. Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, walikuwa wamekuja na mkuki mfupi wa kuchomea, ngao kubwa, na vikosi vilivyopangwa kwa rika. Mkuki wa kurusha humwezesha mpiganaji kukaa mbali na kukimbia apendapo. Mkuki wa kuchomea humlazimu kumkaribia adui, na hauna maana bila nidhamu ya kikosi. Wasangu waliiga mbinu hizo, na Wahehe wakazipata kutokana na kupigana na Wasangu. Munyigumba, baba yake Mkwawa, alizitumia kuunganisha koo nyingi ndogo chini ya utawala mmoja. Alipofariki mnamo 1879, Mkwawa alilazimika kwanza kumshinda Mwambambe, mkwewe Munyigumba, aliyekuwa amenyakua madaraka.

Uwanja wa kupimana nguvu ulikuwa Ubena, nchi ambamo leo imo miji ya Njombe na Makambako. Nchi hiyo iko kati ya Uhehe na Ungoni, na kati ya 1878 na 1882 majeshi ya pande hizo mbili yalipambana bila mshindi wa wazi. Sababu haifichiki: pande zote mbili zilikuwa na silaha za aina moja na mpango wa aina moja. Gharama kubwa waliilipa Wabena, ambao mashamba na mifugo yao vilikuwa njiani.

Adui wa pili alikuwa wa namna nyingine. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliuvizia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, aliyejulikana na wenyeji kwa jina la Nyundo. Msafara ulikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, lakini ulikuwa ukitembea katika mstari mrefu, vichakani. Wahehe walitoka mafichoni na kuufikia kabla askari hawajapata nafasi ya kupanga safu ya kufyatulia risasi. Zelewski aliuawa pamoja na askari zaidi ya 200, na bunduki zipatazo 300 zikatekwa. Mkuki uliishinda bunduki kwa kuinyima umbali, ambao ndio nguvu yake.

Ushindi huo, hata hivyo, haukutoa jawabu la kudumu. Mkwawa aliitegemea ngome yake ya Kalenga, iliyozungushiwa ukuta wa mawe. Ukuta huo ulifaa dhidi ya mikuki na magobori, lakini uliwakusanya watetezi mahali pamoja, wakawa shabaha ya mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliiteka Kalenga. Bunduki zilizotekwa Lugalo hazikuweza kuiokoa, kwani silaha iliyotekwa haiji na mafunzo, mafundi wala risasi mpya.

Mkwawa alijifunza. Tangu hapo aliacha vita vya ngome, akapigana kwa kuvizia na kuhamahama kwa miaka karibu minne, akifichwa na kulishwa na watu wake. Wajerumani walijibu kwa kuwabana waliomsaidia, wakajenga kituo Iringa mwaka 1896 na kuahidi zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa. Fuvu lilirejeshwa mwaka 1954, nalo limehifadhiwa Kalenga.

Uzito wa somo hilo ulionekana tena Ubena. Mwezi Septemba 1905, katika Vita vya Majimaji, wapiganaji wa Kibena waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Walikuwa wengi, lakini walizuiwa na bunduki chache kwa kuwa iliwabidi wavuke uwanja wa wazi. Kilichokuwapo Lugalo na kukosekana Yakobi si ushujaa, bali ni uchaguzi wa mahali na wakati. Kwa hiyo, maisha ya Mkwawa yanaonyesha kwamba zana ya vita hupata nguvu yake kutokana na mpango unaoitumia, na kwamba mpango ulioleta ushindi jana huweza kuleta maangamizi adui anapobadili umbali wa mapigano.