J. C. Carothers: Tabibu wa Mathari na Safari ya Nadharia Yake

Historia ya utafiti wa ubongo na maradhi ya akili nchini Kenya haiwezi kukamilika bila kumtaja John Colin Carothers. Ingawa jina lake ni nadra kusikika katika madarasa ya Kiswahili, mawazo yake yamo ndani ya baadhi ya nadharia za fasihi simulizi zinazorejelewa humo. Maisha yake yanadhihirisha jinsi hitimisho lililojengwa juu ya ushahidi haba linavyoweza kusafiri mbali, likagusa watu wa mashamba ya Bonde la Ufa na hatimaye likatua vitabuni.

Carothers alizaliwa mwaka wa 1903 nchini Afrika Kusini, akasomea udaktari London, kisha akaajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni ya Kenya mwaka wa 1929. Mwaka wa 1938 alikabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1910. Wakati huo hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Stashahada ya taaluma hiyo aliipata London baada ya Vita Vikuu vya Pili. Alihudumu Mathari hadi mwaka wa 1950.

Pamoja na hospitali hiyo, alirithi mjadala. Katika miaka ya 1930, madaktari H. L. Gordon na F. W. Vint walikuwa wamedai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ulikuwa duni ukilinganishwa na wa Mzungu. Vint alichunguza bongo 100 za maiti ili kulithibitisha dai hilo. Madai ya namna hii yaliwafaa walowezi wa nyanda zilizotengewa Wazungu, ambazo Nakuru ilikuwa kitovu chake cha kilimo, kwa kuwa yalihalalisha utawala wa mwajiri juu ya mfanyakazi.

Carothers alishika njia tofauti: aliwahesabu wagonjwa. Alichunguza Waafrika 558 waliolazwa Mathari kwa mara ya kwanza kati ya 1939 na 1943, akakadiria kuwa waliolazwa walikuwa takribani 3.4 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na cha Uingereza na Marekani. Aidha, aliona kwamba ugonjwa wa huzuni kuu ulikuwa adimu, na kwamba watu walioajiriwa mbali na kwao waliathirika zaidi ya waliobaki katika maeneo ya jadi. Alihitimisha kwamba mila zilimkinga Mwafrika kwa kumwondolea mzigo wa kuamua mambo peke yake, na kwamba kinga hiyo ilivunjika alipokutana na maisha ya kigeni.

Hoja hiyo ina ufa. Takwimu za hospitali huhesabu waliofikishwa hospitalini, si wote wanaougua. Mtu aliyejikunyata nyumbani kwa huzuni hakumsumbua chifu wala nyapara. Alitunzwa na jamaa au mganga. Kwa upande mwingine, skwota aliyefanya fujo katika shamba la mlowezi, Njoro au Naivasha, alikuwa chini ya macho ya mwajiri na polisi, na hivyo alikuwa mwepesi kuonekana. Tofauti iliyodhaniwa kuwa ya akili huenda ilikuwa tofauti ya nani anamtazama nani.

Hata hivyo, Carothers alisonga mbele. Katika makala ya mwaka wa 1951, alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka wa 1953, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na kwa njia hiyo likaipa nadharia yake heshima ya kimataifa.

Wakati huohuo, utafiti wa ubongo ulikuwa ukichukua mkondo mwingine. Otto Loewi alikuwa ameonyesha, mwaka wa 1921, kwamba neva huweza kupitisha ujumbe kwa kemikali. Mwaka wa 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuwatibu wagonjwa wa akili jijini Paris kwa dawa ya klopromazini. Katika mwongo huohuo Arvid Carlsson wa Uswidi alibainisha nafasi ya dopamini katika ubongo, na mwaka wa 1963 akapendekeza kwamba dawa kama hiyo huzuia vipokezi vya kemikali za aina hiyo. Maradhi ya akili hayaelezwi na kemikali moja pekee, lakini wajumbe hao wa ubongo hawana kabila. Dopamini ni ileile kwa mlowezi na kwa skwota.

Nadharia ya Carothers ilipata matumizi ya kisiasa. Olenguruone, katika wilaya ya Nakuru, wakazi walikuwa wamekula kiapo cha kupinga masharti ya serikali kuhusu ardhi kabla ya kufukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwezi Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha na kutwaa silaha. Serikali ilimwita Carothers, na ripoti yake ya mwaka wa 1954 ikaueleza uasi huo hasa kwa saikolojia ya Wakikuyu waliokuwa katikati ya mila na usasa. Suala la ardhi halikupewa uzito uliostahili. Ripoti iliunga mkono kuwakusanya watu vijijini, sera iliyowahamisha zaidi ya watu milioni moja.

Wakosoaji hawakukawia. T. A. Lambo wa Nigeria alipinga jumla hizo, na utafiti alioshiriki miongoni mwa Wayoruba, uliochapishwa mwaka wa 1963, ulionyesha kwamba dalili za huzuni kuu si adimu kwa Waafrika. Frantz Fanon naye alimkosoa vikali mwaka wa 1961.

Carothers alifariki mwaka wa 1989, lakini makala yake ya mwaka wa 1959, iliyotenga jamii za sikio na jamii za maandishi, ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na Marshall McLuhan mwaka wa 1962 na Walter Ong mwaka wa 1982. Hivyo basi, kila dai kwamba msimulizi asiyeandika hufikiri kwa namna ya pekee linastahili kuulizwa asili yake. Baadhi ya madai hayo hayakuanzia kwa fanani wala kwa hadhira yake; yalianzia wodini Mathari, kwa wagonjwa walioletwa huko bila hiari.