Kazadi Mwamba, Mlinda Lango wa Kongo

Katika mchezo wa mpira wa miguu, mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara ya sita, watu humbeba mabegani na kuyasahau makosa yake. Mlinda lango hana bahati hiyo. Aweza kuzuia mipira kumi, lakini ule mmoja uliompita ndio utakaosimuliwa kijijini. Kazadi Mwamba aliijua kazi hiyo katika utukufu wake na katika uchungu wake.

Alizaliwa mwaka 1947 mjini Élisabethville, katika nchi ya Katanga, mji uitwao leo Lubumbashi. Watu walimjua kwanza kwa jina la Robert Kazadi. Mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu ilipokataza majina ya Kikristo, akaitwa Kazadi Mwamba.

Katika mji huo palikuwa na timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto kwa ajili ya vijana wao wa shule. Kwanza iliitwa kwa jina la Mtakatifu Georgi, baadaye ikaitwa Englebert. Iliposhinda sana, ikaongezewa sifa ya Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote. Leo yajulikana kama Mazembe. Kazadi ndiye aliyelinda lango la timu hiyo katika miaka yake ya fahari. Mwaka 1967 ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika. Mwaka 1968 ikalitwaa tena, ilipoishinda Étoile Filante ya Togo. Tangu hapo ilipita miaka 36 kabla klabu nyingine kulitwaa kombe hilo miaka miwili mfululizo.

Mwezi wa Januari mwaka huohuo wa 1968, Kongo ilikwenda Ethiopia kugombea kombe la mataifa ya Afrika. Siku ya mwisho, mjini Addis Ababa, ilipambana na Ghana, iliyokuwa timu ya kuogopwa. Kalala alifunga goli moja, na lango la Kongo halikupenywa. Goli moja lilitosha, kwa sababu nyuma walikuwapo watu waliojua kulinda. Kazadi akahesabiwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yale yote. Mwaka 1974 nchi, iliyoitwa wakati huo Zaire, ikalitwaa kombe hilo mara ya pili huko Misri, baada ya kupambana na Zambia mara mbili.

Mwaka 1974 huohuo Zaire ikawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kushiriki Kombe la Dunia, katika Ujerumani ya Magharibi. Uskoti iliwashinda kwa magoli 2, wala haikuwa aibu. Lakini baadaye wachezaji walipata habari kwamba fedha walizoahidiwa hawatazipata. Mioyo yao ikavunjika, hata wakataka kugoma. Mwishowe walicheza, lakini bila nguvu.

Tarehe 18 Juni walikutana na Yugoslavia mjini Gelsenkirchen. Kabla ya dakika 20 kwisha, magoli 3 yalikuwa yamekwisha ingia. Ndipo mwalimu Vidinić, aliyekuwa mwenyewe mwana wa Yugoslavia na mlinda lango wa zamani, akamtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu. Sababu ilisimuliwa kwa namna nyingi, na wengine wakamshuku mwalimu kwa kabila lake. Kazadi akatoka uwanjani mbele ya macho ya dunia nzima, kana kwamba kosa lote ni lake. Lakini alipokwisha kutoka, yakaingia mengine 6. Mchezo ulikwisha kwa 9 kwa sifuri. Hapo ilionekana wazi kwamba ugonjwa haukuwa langoni peke yake.

Mtu aliyeaibishwa hivyo aweza kujificha na kusema: Watafute mwingine. Siku nne baadaye Kazadi alisimama tena langoni, mbele ya Brazili, mabingwa wa dunia. Baadhi ya wachezaji walisimulia baadaye kwamba walitishwa na watu wa serikali, wasithubutu kufungwa zaidi ya magoli 3. Kufika mapumziko, Brazili walikuwa wamefunga 1 tu. Walimaliza na 3. Goli la tatu lilipita chini ya mwili wa Kazadi mwenyewe, nalo halikuwa gumu kuzuiwa. Hata hivyo alibaki mahali pake mpaka filimbi ya mwisho.

Waliporudi nyumbani, fahari ilikuwa imekwisha. Wakubwa waliowashangilia wakawaacha, na wengi wa wachezaji wale waliishi maisha ya ufukara. Kazadi alifariki dunia katika miaka ya 1990.

Jioni huko Kapalata, mjini Kisangani, watoto wakichagua nafasi za kucheza, kila mmoja ataka kufunga. Yule wa mwisho hupelekwa kusimama kati ya mawe mawili. Na asihuzunike. Kazadi alihesabiwa kuwa mchezaji bora wa mashindano ya Afrika akiwa katika nafasi hiyohiyo. Tena alipoondolewa kwa aibu, alirudi akaishika kazi yake. Kusifiwa siku ya ushindi si jambo gumu. Kurudi mahali pale ulipoanguka, watu wakikutazama, ndiko kunakompima mtu.