Aristotle: Mgeni Aliyefafanua Uraia

Aristotle alizaliwa mwaka wa 384 K.K. mjini Stagira, kaskazini mwa Ugiriki. Babake, Nicomachus, alikuwa tabibu wa Mfalme Amyntas wa Masedonia. Alipotimu miaka 17 alikwenda Athens, akajiunga na chuo cha Plato na kudumu humo kwa miaka 20, hadi mwalimu wake alipofariki mwaka wa 347 K.K.

Baadaye aliishi Assos kwa mtawala Hermias, akamwoa Pythias, jamaa ya mtawala huyo, kisha akavuka hadi kisiwa cha Lesbos alikochunguza viumbe wa baharini. Mwaka wa 343 K.K. Mfalme Philip wa Masedonia alimwita amfunze mwanawe Alexander, aliyekuwa na miaka 13. Kisa hiki hukuzwa mno. Ni vigumu kuiona alama ya mwalimu katika himaya ya mwanafunzi, kwani dola aliyoitamani Aristotle ni ndogo, ambayo raia wake wanajuana tabia.

Aliporejea Athens mwaka wa 335 K.K. alianzisha chuo chake, Lyceum. Alikuwa angali mgeni: sheria ilimnyima haki ya kumiliki ardhi na ya kupiga kura barazani. Katika hali hiyo ndipo alipowafundisha wanafunzi kwamba binadamu, kwa maumbile yake, ni kiumbe wa dola, na kwamba dola ipo si kwa ajili ya uhai tu, bali maisha mema. Lengo la maisha hayo aliliona kuwa heri. Heri hiyo si furaha ya kupita, ijapo wafasiri wengi huipa jina hilo. Ni utendaji wa nafsi kwa mujibu wa uadilifu, katika umri mzima. Na uadilifu huzoewa kwa kutenda, chini ya sheria njema.

Hakuyatoa haya hewani. Yeye na wanafunzi wake walikusanya maelezo ya katiba 158. Ile ya Athens ilipatikana kwenye mafunjo nchini Misri na kuchapishwa mwaka wa 1891.

Raia, katika kitabu chake cha Siasa, si kila akaaye mjini, bali ni yule ashirikiye katika kuamua na kuhukumu. Kwa kipimo hicho, yeye mwenyewe hakuwa raia wa mji alioishi takriban nusu ya umri wake. Wanawake nao aliwatenga, na utumwa akautetea kwa hoja ya maumbile, hoja iliyo dhaifu kupita zote alizotoa, kwani yeye mwenyewe alikiri kuwa maumbile mara nyingi hayatimizi lengo hilo.

Alexander alipofariki mwaka wa 323 K.K., chuki dhidi ya Masedonia ililipuka Athens. Aristotle alishtakiwa kwa kuikufuru miungu, kwa sababu ya utenzi aliomtungia Hermias. Hakungoja hukumu, alikwenda Chalcis, kwenye mali ya jamaa za mamake, akafia huko mwaka wa 322 K.K. akiwa na miaka 62. Wosia wake uliohifadhiwa hauzungumzii dola. Uliagiza mifupa ya Pythias izikwe pamoja naye, na vijana watumwa waliomhudumia wasiuzwe, bali waachwe huru watakapofikia umri ufaao.