Yusuf bin Hasan: Mtoto wa Mfalme na Lango la Ngome

Hapa shuleni kuna wanaopenda kandanda kufa kupona, na kuna wale ambao bila redio hawalali. Mimi ugonjwa wangu ni ngome. Nikiwa mdogo nilikuwa nikichimba udongo wa mfinyanzi kando ya kijito kilicho nyuma ya miwa yetu, nikajenga kuta, nikachimba handaki, nikapanga magunzi ya mahindi yawe askari. Mvua ya jioni ikija, ufalme mzima unakwenda na maji. Nilipofika darasa la sita nikaanza kuchora majumba ya wafalme wa Ulaya kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu, yenye minara mirefu na daraja la kuinuliwa kwa minyororo, ingawa hata moja sijaliona kwa macho haya. Kwa hivyo Chama chetu kiliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri wa kale, sikuchelewa. Nilimchagua mtu ambaye mambo yake yote, mazuri na mabaya, yalizunguka ukuta mmoja.

Mtaniuliza, mbona nisiandike juu ya ngome za kwetu? Ni kweli, hapa Bungoma ngome si hadithi ya kuletewa. Wazee wetu Babukusu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, na mlango wake ulikuwa mwembamba ili adui asipite kwa wingi. Kila mtu anajua habari za Chetambe, kule mlimani karibu na Webuye. Mwaka 1895 Waingereza chini ya Hobley, wakisaidiwa na watu wa Mumia na wengineo, waliishambulia ngome ile kwa bunduki ya Maxim na mzinga, na watu wetu wengi wakafa ndani ya ukuta uliojengwa kuwaokoa. Habari hiyo tumeisikia tangu utotoni na huwa inanitia uchungu. Lakini pale adui alikuja kutoka nje, kama ilivyo kawaida ya adui. Huyu wangu wa Pwani alipitia langoni, akiwa amevaa vizuri, na walinzi wakampisha. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Tuanze na ukuta wenyewe. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome kubwa mjini Mombasa, kwenye mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Wakaiita ngome ya Yesu, na mpaka leo inaitwa Fort Jesus. Mwaka huu niliitengeneza kwa katoni na udongo kwa ajili ya maonyesho ya Chama, nikifuata ramani iliyo katika kitabu cha historia, na nawaambieni Cairati hakuwa mtu wa mchezo. Ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Ina buruji kwenye pembe zake, na kila buruji imekaa hivi kwamba askari aliye juu yake anaona ukuta wa mwenzake. Adui akijibanza chini ya ukuta huu, anapigwa kutoka kwenye ule. Hakuna pa kujificha. Nilihangaika wiki mbili kuzipata pembe hizo, na gundi ya unga wa ngano ilikuwa inaliwa na mende usiku.

Pamoja na ngome, Wareno walimleta mfalme. Watawala wa Malindi walikuwa marafiki zao tangu Vasco da Gama alipofika huko mwaka 1498, na Mombasa ilipovunjwa nguvu, sultani Ahmad wa Malindi akahamishiwa Mombasa akawa mfalme wa mji chini ya kivuli cha mizinga ya Wareno. Urafiki huo haukudumu. Mwanawe, Hasan bin Ahmad, aliyerithi kiti, alikosana na kamanda wa ngome. Mambo yakawa moto. Mwaka 1614 Hasan akakimbilia bara kutafuta hifadhi, lakini wapi! Wareno walikuwa wameshawahonga wale aliowakimbilia, nao wakamuua. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno kule Bara Hindi.

Hasan aliacha mtoto wa kiume wa miaka kama 7 hivi. Huyo ndiye Yusuf.

Ndugu zangu, hebu fikirieni. Una miaka 7, uko darasa la kwanza au la pili kwa hesabu zetu. Babako ameuawa na kichwa chake kimesafirishwa. Kisha na wewe unapandishwa jahazi unapelekwa mji ule ule kichwa kilikopelekwa, ukalelewe na wale wale. Ndivyo ilivyokuwa. Yusuf alilelewa Goa na mapadre wa shirika la Mtakatifu Augustino. Akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo, na tangu hapo vitabu vya Wareno vinamwita Dom Jerónimo Chingulia. Akasoma, akaoa mke Mkristo, akatumika katika merikebu zao akijifunza kufyatua mizinga, hata akapewa cheo cha heshima cha Shirika la Kristo ambacho hakikugawiwa ovyo ovyo. Kwa macho ya Wareno, kazi ilikuwa imekamilika. Mwaka 1626 wakamtambua kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, kisha wakamrudisha nyumbani.

Nyumbani kwenyewe kulikuwaje? Mimi naona huyu mtu alirudi akiwa mgeni pande zote mbili. Waislamu wa Mombasa walimwona Mreno mwenye ngozi yao. Anavaa kama Wareno, anakula kama wao na kusali kanisani mwao. Nao Wareno wa ngomeni, hasa kamanda Pedro Leitão de Gamboa, hawakumpa heshima ya mfalme. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu hakumponya mtu na hakuponywa.

Hapo ndipo kaburi linapoingia katika habari yetu. Inasimuliwa kwamba usiku Yusuf alikuwa akienda kwenye kaburi la babake kumwombea, na alimwombea kwa dua za Kiislamu, si kama alivyofundishwa Goa. Kuna aliyemwona, na aliyemwona akapeleka maneno ngomeni. Kwa sheria za siku hizo, Mkristo aliyebatizwa akirudia dini ya zamani alikuwa anatafuta kifo. Kamanda akapanga kumkamata na kumpeleka Goa akahukumiwe. Kwa hiyo ile safari ya utotoni ilikuwa inamngoja tena, na safari hii angekuwa anakifuata kichwa cha babake kwa njia nyingine.

Yusuf akapata fununu, na hakungoja.

Katikati ya mwezi wa Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria, alikwenda ngomeni na watu wake kama mfalme anayekuja kumwamkia kamanda. Lango likafunguliwa. Nilipokuwa naunda lango la ngome yangu ya katoni ndipo nilipoielewa siku hiyo vizuri. Buruji zote zile, mizinga yote ile, pembe zote alizozipima Cairati, zinatazama nje. Mtu akishaingia ndani kwa ruhusa, hakuna mzinga hata mmoja unaomtazama. Yusuf akamchoma kamanda kisu akamuua, na watu wake wakawamaliza walinzi. Siku hiyo ngome ambayo Wareno waliijenga kwa miaka ikawa mikononi mwake.

Laiti habari ingeishia hapo, ningekuwa namwandika shujaa na kalamu ingeteleza tu. Haikuishia hapo. Wareno waliokuwa mjini, pamoja na Waafrika waliobatizwa, walikimbilia kwenye nyumba ya mapadre. Yusuf alikuwa ameshatangaza kurudi kwenye Uislamu na jina la babake. Waliokuwa mle wakatakiwa waifuate dini yake au wafe. Wengi wakakataa, wakauawa, wanaume kwa wanawake na watoto pia, watu zaidi ya 100. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo binamu yake mwenyewe, Dom Antonio, wa ukoo ule ule wa Malindi, ambaye hakukubali kuiacha imani aliyoipokea. Kanisa Katoliki linawakumbuka kwa jina la Mashahidi wa Mombasa.

Tulipoijadili habari hii katika Chama, darasa liligawanyika vibaya. Mmoja alisema Yusuf ni mkombozi, wa kwanza kuwatoa wakoloni ngomeni, na kwamba Wareno walivuna walichopanda. Mwingine, ambaye kwao ni Wakatoliki wa kuamka alfajiri, aliuliza wale watoto walipanda nini. Nao wenzetu Waislamu, ambao hapa kwetu ni wachache, wakasema dini yao haimlazimishi mtu kwa kisu na wasisingiziwe. Kengele ya saa kumi ililia hakuna aliyekubaliana na mwenzake, na kwa kuwa sisi ni wa kutwa na wengine wanatembea mbali, ikabidi tuache.

Mimi nasema hivi, na mwalimu anisahihishe. Namwelewa kabisa aliyemchoma kisu kamanda. Mtoto wa miaka 7 aliyefanyiwa yale hakusahau, na kusema kweli ningemshangaa kama angesahau. Lakini sina neno la kumtetea katika nyumba ya mapadre. Wale watoto walikuwa na umri kama wake alipopandishwa jahazi mwaka 1614. Yeye, kuliko mtu yeyote pale Mombasa, ndiye aliyejua mtoto anaonaje wakubwa wanapomalizana. Ati alikuwa mfalme mwenye hasira. Hasira hiyo ilikuwa na watu wa kuipokea, na hawakuwa watoto.

Wareno hawakulala. Mwanzoni mwa mwaka 1632 msafara wa merikebu ulitoka Goa chini ya Dom Francisco de Moura, ukaizingira Mombasa. Kumbe yale masomo ya mizinga hayakupotea bure! Mwanafunzi wao aliwapiga kutoka juu ya ngome yao wenyewe, na ilipofika Machi wakaondoka mikono mitupu. Hapa hata yule mwenzangu Mkatoliki alicheka kidogo.

Mngetegemea Yusuf akae sasa, atawale, ajenge. Lakini mwezi wa Mei 1632 alibomoa alichoweza kubomoa katika ngome, akaingia katika merikebu aliyowateka Wareno, akaondoka. Nimelifikiria jambo hili sana, kwa sababu mimi nisingeweza. Ngome ile ingekuwa yangu ningelala na ufunguo chini ya mto. Nadhani alijua msafara mwingine ungekuja, mkubwa zaidi, na Mombasa haikuwa na baruti ya kutosha wala marafiki wa kutosha. Labda pia, haya ni mawazo yangu tu, hakuweza kulala raha ndani ya kuta zile. Mwaka huo huo Wareno wakarudi, wakaikuta tupu.

Ngome iliendelea na maisha yake bila yeye. Mwaka 1635 kamanda Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeitengeneza upya, aliweka jiwe la maandishi juu ya lango kujisifia kazi yake, na jiwe hilo lipo hadi leo. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, wakaichukua. Waingereza wakaigeuza jela mwaka 1895, mwaka ule ule wa Chetambe, na jela ikabaki mpaka 1958. Leo ni jumba la makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia.

Naye Yusuf alizunguka baharini miaka sita, mara Arabuni, mara Madagaska, mara visiwa vya Komoro, akiziwinda merikebu za wale waliomlea. Mombasa hakuipata tena. Alikufa mwaka 1638 huko upande wa Bahari ya Shamu, akiwa na umri wa miaka kama 31.