Asbjørn Følling

Ivar Asbjørn Følling (23 Agosti 1888 – 24 Januari 1973) alikuwa daktari na mwanakemia kutoka Norwei. Anajulikana hasa kwa kugundua fenilketonuria mwaka 1934. Nchini kwake ugonjwa huo huitwa pia ugonjwa wa Følling.

Maisha

Alizaliwa Kvam, karibu na Steinkjer, katika familia ya wakulima. Kwanza alisoma kemia mjini Trondheim akahitimu mwaka 1916. Baadaye alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Oslo akahitimu mwaka 1922, na mwaka 1929 akapata shahada ya uzamivu. Elimu hiyo ya pande mbili ndiyo iliyomwezesha kuona jambo ambalo madaktari wengine hawakuliona.

Ugunduzi

Mwaka 1934 alifikiwa na mama mwenye watoto wawili, binti wa miaka 6 na mvulana wa karibu miaka 4. Wote wawili walizaliwa wakionekana wazima, lakini akili zao hazikukua, na miili yao ilikuwa na harufu ya ajabu isiyoisha. Mama huyo alikuwa ameshazunguka kwa madaktari wengi bila kupata jibu.

Følling alipima mkojo wa watoto hao kwa kuutia kloridi ya chuma, kipimo cha kawaida wakati ule. Badala ya rangi ya kahawia, mkojo ulikuwa wa kijani. Alimwomba mama asiwape watoto dawa yoyote kwa muda, kisha akapima tena, kijani kilibaki. Mama aliendelea kumletea mkojo, zaidi ya lita 20 kwa jumla. Baada ya kazi ya wiki nyingi Følling alitambua kwamba kitu hicho ni asidi fenilpiruviki, ambayo kwa kawaida haionekani katika mkojo.

Kisha alipima watu 430 waliokuwa wakitunzwa katika taasisi za watu wenye ulemavu wa akili, akapata wengine 8 wenye hali hiyohiyo. Kwa kuwa ndugu wa familia moja waliugua pamoja, alieleza kwamba ugonjwa unarithiwa. Hata hivyo kwa watoto wale wawili wa kwanza jibu lilichelewa: ubongo wao ulikuwa umeshadhurika, na matibabu hayakuwepo bado.

Lishe na afya ya wagonjwa

Fenilalanini ni mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Mwili wa mtu mwenye fenilketonuria hukosa kimeng'enya cha kuigeuza ipasavyo, hivyo hujaa katika damu na kudhuru ubongo unaokua. Mwaka 1953 Horst Bickel na wenzake, waliokuwa Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba mtoto hupata nafuu akipewa chakula chenye fenilalanini kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani alibuni kipimo kinachotumia matone ya damu ya mtoto mchanga kwenye karatasi, ili lishe ianze kabla ya madhara.

Mgonjwa huepuka nyama, samaki, mayai, maziwa, maharagwe na karanga. Matunda na mboga nyingi anaruhusiwa, nafaka hupimwa, na protini anayohitaji huipata katika mchanganyiko maalumu wa asidi amino usio na fenilalanini. Zamani watoto wengi waliachishwa lishe hiyo wakiwa bado wadogo. Baadaye ilionekana kwamba vijana wanaoiacha hupungukiwa na umakini na wengine hupatwa na wasiwasi au huzuni. Kwa hiyo siku hizi wanashauriwa kuifuata maisha yote. Kwa msichana ni muhimu zaidi akitarajia kupata mimba, kwa sababu fenilalanini nyingi katika damu ya mama humdhuru mtoto tumboni hata kama mtoto hakurithi ugonjwa.

Miaka ya baadaye

Følling alikuwa profesa katika chuo cha tiba ya mifugo mjini Oslo hadi mwaka 1953, kisha akaongoza maabara ya hospitali ya taifa hadi alipostaafu mwaka 1958. Mwaka 1962 alipewa tuzo ya Joseph P. Kennedy Jr. nchini Marekani. Alifariki akiwa na umri wa miaka 84, baada ya kuona nchi mbalimbali zikianza kuwapima watoto wachanga ugonjwa alioutambua.